Wanaume wanaovuja mkojo baada ya oparesheni ya tezi dume waambiwe kwamba tiba ipo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama utapunguza basi usipunguze sana maana nawasemea watu ambao wenyewe hawawezi kulisema hili hadharani. Nawazungumzia wanaume waliofanyiwa oparesheni ya tezi dume wakapona, alafu mkojo ukawa unawatoka bila kutaka. Akikohoa unatoka, akipiga chafya unatoka, akinyanyuka kwenye kiti au akishika ndoo ya maji unatoka. Wengi wao hapa kwetu wameshaambiwa neno moja tu, mzee shukuru Mungu umepona, hilo lingine lizoee. Mimi nasema wasilizoee, maana upasuaji wa kulitibu upo, upo miaka mingi, na hakuna anayewaambia.

Nina duka la dawa muhimu huku Nkuhungu, Dodoma. Pampasi za watu wazima nauza, na kwa muda wote niliokaa kaunta nimeona kitu kimoja, zikiwa za bibi anaweza kuja yeyote, mjukuu au jirani, anataja saizi kwa sauti na watu wamejaa. Zikiwa za baba anakuja mke wake jioni sana, anasubiri wateja waishe, anaomba nizitie kwenye bahasha ya kaki isijulikane ni nini. Baba mwenyewe haji kabisa. Ukimuuliza mama taratibu mgonjwa anaumwa nini anakwambia ni uzee tu. Ukiuliza tena unaambiwa alifanyiwa oparesheni mwaka juzi, tangu pale ndo hivo. Na hapo sio mzee wa kitandani, ni mtu anayetembea, ana akili zake, shamba la alizeti analo, ila kajifungia ndani.

Tupige hesabu kidogo. Mtu anayetumia pampasi 3 kwa siku anamaliza zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Ni familia gani ya kawaida hapa Dodoma itamudu hiyo? Kwa hiyo wanachofanya wanakata vitambaa vya kanga na mashuka ya zamani, wanavifua na kuvianika, na wote tunajua shida ya maji ya mji huu, mgao ukija wiki maji hayatoki na ya kununua kwa dumu ni hela. Mzee anabaki na harufu, anajijua ana harufu, anaacha kwenda kijiweni, anaacha msiba, anaacha harusi ya mtoto wa ndugu yake, akipanda basi la kwenda Mpwapwa au Kondoa anakaa hanywi maji tangu jana yake. Alafu tunasema mzee amekuwa mkali siku hizi hataki watu.

Sisemi haya kwa kuwaonea wivu wanawake, mimi mwenyewe ni mwanamke. Ila angalieni tulivyofanya kwenye fistula, lile tundu linalomvujisha mama mkojo baada ya uzazi mgumu. Kuna siku yake ya dunia tarehe 23 Mei, redio zinatangaza, hospitali ya CCBRT kule Dar es Salaam ilijulikana nchi nzima kwa kutibu fistula bila malipo na ikafika mahali hata nauli ya mgonjwa inatumwa kwa simu, wahudumu wa afya wakaambiwa mkimuona mama anavuja kijijini msimuache. Ndo maana leo mama mwenye fistula kule Bahi au Chamwino akifichwa ndani kuna mtu atamsema na kuna mtu atampeleka. Mwanaume anayevuja hana wa kumsema. Na saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa nchi hii, tunawahimiza wakapime, wanapima, wanaokutwa nayo mapema baadhi wanafanyiwa oparesheni, kwa hiyo hawa watu wataongezeka tu.

Nielezee kwa nini inatokea, maana nikiwaeleza wake zao dukani naona sura zinabadilika, wengi walikuwa wanadhani mume kalegea kwa kukata tamaa au karogwa. Mkojo wa mwanaume unazuiwa sehemu mbili, kama bomba lenye koki mbili. Ya kwanza ipo shingoni mwa kibofu, juu ya tezi dume, hiyo inajifunga yenyewe. Ya pili ipo chini ya tezi, hiyo ndiyo msuli unaoweza kuubana mwenyewe ukitaka. Tezi ikitolewa yote kwa sababu ya saratani, ile ya juu inaondoka nayo, mtu anabaki kutegemea ile ya chini peke yake, na hiyo nayo inaweza kuwa imeguswa kwenye oparesheni, yenyewe au mishipa yake ya fahamu. Kwa wale waliofanyiwa ile ya kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo kwa sababu imekua tu na sio saratani, kuvuja kwa kudumu hutokea kwa wachache sana, ila hutokea. Mionzi nayo inachangia, na ajali za nyonga pia, bodaboda wanalijua hilo.

Sasa sio kila anayevuja ni huyu ninayemsema na hapa naomba wasomaji wanisikie vizuri. Kuna mtu anavuja kwa sababu haja ikimshika haimpi nafasi ya kufika chooni, huyo shida iko kwenye kibofu kinachojikamua ovyo, vidonge vinaweza kumsaidia. Kuna mwingine hajafanyiwa oparesheni yoyote, tezi imekua imeziba njia, kibofu kimejaa hakiishi na kinachotoka ni kile kinachofurika, matone matone mchana na usiku. Huyu wa mwisho ukimuuzia pampasi umemfichia ugonjwa, maana mkojo unaorudi nyuma unaharibu figo. Mimi mteja akinielezea hivo siuzi kwanza, namwambia aende hospitali kesho asubuhi. Na yule anayevuja akikohoa au akinyanyua kitu baada ya oparesheni, vidonge vya kutuliza kibofu havimtibu, lakini wapo wanaopewa mwaka mzima na wanamaliza hela.

Baada ya oparesheni kuvuja ni kawaida kwa kipindi fulani. Mpira wa mkojo ukitolewa wengi wanavuja, na wengi wanapata nafuu wenyewe wiki kwa wiki hadi miezi 12. Kinachosaidia ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Unabana kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, bila kubana tumbo wala makalio, unashikilia sekunde chache, unaachia, unarudia mara kadhaa, asubuhi mchana na jioni, na kabla ya kukohoa au kunyanyuka unabana kwanza. Hayahitaji hela wala mashine. Yanafaa kuanza kufundishwa hata kabla ya oparesheni. Kahawa nyingi na sigara zipunguzwe, choo kigumu kitibiwe, kikohozi kisichoisha kitafutiwe sababu.

Ila kuna watu wanafanya yote hayo na bado. Miezi 6 imepita hakuna mabadiliko, mwaka umeisha bado analowa. Madaktari wa mkojo wa Marekani wameandika kwenye mwongozo wao kwamba mwanaume ambaye haoni nafuu anaweza kufikiriwa upasuaji hata kuanzia miezi 6, na akifika mwaka mmoja bado anasumbuka licha ya mazoezi basi apewe nafasi hiyo. Huku kwetu mwaka unafika, wa pili unafika, wa tano unafika na hakuna aliyemuita.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao na amenipa ruhusa niandike. Ni mtu wa Kondoa, alitolewa tezi yote kwa saratani kwenye hospitali kubwa ambayo siitaji, na oparesheni yenyewe walifanya vizuri, saratani haijarudi. Siku anatoka alipewa karatasi ya tarehe ya kutoa nyuzi na tarehe ya kupima damu tena. Kuhusu mkojo hakuna mstari hata mmoja. Alirudi kwake, akaanza kuvuja, akaacha kwenda msikitini. Huyu alikuwa safu ya mbele miaka yote. Shekhe alipoona hamuoni akamfuata nyumbani, na namshukuru sana huyo shekhe kwa sababu alimuuliza moja kwa moja bila kumzunguka, alafu akamwambia mtu mwenye udhuru kama wake anajisafisha, anajifunga kitambaa safi, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia na anaswali, hata kikitoka kitu katikati swala yake inaswihi. Akarudi msikitini. Naandika hili kwa sababu najua wapo wengine wanaokaa nyumbani kwa kudhani ibada yao haina maana tena, na wapo wakristo pia wanaokaa nje ya kanisa karibu na mlango kwa aibu hiyo hiyo, wachungaji na mapadri wawafuate.

Ndugu tukachanga, tukampeleka kwa daktari bingwa wa mkojo. Kule ndo nilijifunza kwamba kuna kipimo rahisi kabisa ambacho kila mgonjwa anaweza kukifanya nyumbani. Unapima pampasi kavu kwenye mizani ndogo ya jikoni ile ya betri, unaandika gramu zake. Alafu saa 24 nzima kila pampasi anayovua unaipima ikiwa imelowa kabla ya kuitupa, unatoa uzito wa ile kavu, unajumlisha. Gramu moja ni sawa na mililita moja ya mkojo. Tulifanya kwangu, nikaweka mizani juu ya ndoo iliyogeuzwa bafuni, yeye anaweka mwenyewe mimi nasoma namba kutoka mlangoni maana kuna mipaka kati ya mtu na baba yake mdogo. Ikatoka gramu 230 kwa siku nzima. Usiku alikuwa mkavu kabisa. Daktari alifurahi kusikia hiyo ya usiku kuliko nilivyotegemea, akasema mtu anayekauka akilala maana yake koki ya chini bado ina nguvu kiasi.

Akapimwa mkojo kama una maambukizi, akaangaliwa ultrasaundi kama kibofu kinaisha akikojoa, na akapitishiwa kamera ndogo kwenye njia ya mkojo. Kamera ni muhimu kwa sababu baada ya oparesheni panaweza kuwa na kovu limebana njia, na kovu lazima lishughulikiwe kwanza, ukimtibu mtu kuvuja wakati njia imebana unamletea balaa jingine. Kamera ikiwa ndani daktari anamwambia mgonjwa abane, anaangalia kwa macho msuli unavyojifunga.

Hapo ndo akatueleza aina za upasuaji, na nitaziandika hapa kama nilivyozielewa na nilivyoendelea kuzisoma baadaye.

Kuna ya mkanda. Ni kipande cha wavu laini wa plastiki, kinapitishwa chini ya njia ya mkojo kupitia mkato mdogo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ncha zake zinatokea kwenye mapaja kwa ndani huku na huku. Mkanda unaisogeza na kuishikilia njia ya mkojo mahali pake ili ule msuli uliobaki uweze kufunga vizuri. Hakuna cha kubonyeza, mtu anakojoa kama kawaida yake. Unawafaa wanaovuja kidogo au wastani na ambao hawajapigwa mionzi. Baadhi ya watu mkojo unagoma kutoka siku za mwanzo wanarudishiwa mpira kwa muda, na wengine wanapata maumivu ya nyonga yanayopungua taratibu. Kinachowashinda wengi ni masharti ya baadaye, wiki kama 6 hakuna kuchuchumaa kwa nguvu, hakuna kunyanyua mzigo, hakuna kupanua miguu, kwa sababu mkanda unaweza kuhama kabla nyama hazijaushika. Sasa mwambie mtu wa Kongwa msimu wa kulima asiinue jembe, na choo chake cha nyumbani ni cha kuchuchumaa. Hili la choo lisemwe kabla, familia itafute kiti cha choo cha kubebeka, fundi wa mbao anakitengeneza.

Kuna ya pili ambayo ndiyo kubwa na ndiyo inayoaminika kwa mtu anayevuja sana, kuwekewa koki ya bandia. Daktari mmoja wa Houston, Marekani, anaitwa Brantley Scott, na wenzake ndio walioanza nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ile inayotumika zaidi mpaka leo inaitwa AMS 800, ilianza miaka ya 1980. Kwa hiyo sio kitu cha majaribio. Ina vipande vitatu vilivyounganishwa kwa vijimrija, vyote vinakaa ndani ya mwili, nje huoni chochote, na haina betri. Kuna pete laini inayozunguka njia ya mkojo, kuna mfuko mdogo wenye maji unaowekwa tumboni chini, na kuna kipampu kidogo kinachokaa ndani ya mfuko wa korodani. Muda wote pete imejaa maji na imebana, mtu ni mkavu. Akitaka kukojoa anashika kile kipampu kupitia ngozi anakibonyeza mara chache, maji yanatoka kwenye pete yanaenda kwenye mfuko wa tumboni, pete inalegea, anakojoa. Baada ya dakika chache maji yanarudi yenyewe na pete inabana tena.

Akishawekewa haianzi kazi siku hiyo hiyo, inaachwa imezimwa kama wiki 6 mpaka vidonda vipone, kwa hiyo atarudi nyumbani bado anavuja na asikate tamaa, tarehe ikifika inawashwa kliniki na anafundishwa. Lazima awe na vidole vinavyofanya kazi na akili iliyotulia, mzee ambaye mikono inatetemeka sana au anasahau hatoiweza. Hata aliyepigwa mionzi anaweza kuwekewa, ila hatari kwake ni kubwa zaidi. Hatari zenyewe ni maambukizi ambayo yakitokea kifaa chote kinatolewa, pete kula njia ya mkojo taratibu, nyama za pale kusinyaa ikaanza kuvuja tena, au kifaa kuharibika tu maana ni kitu cha kutengenezwa na binadamu. Mwongozo ule wa Marekani unasema mgonjwa aambiwe wazi kwamba takribani robo ya vifaa hivi vinakuwa vimeshindwa ndani ya miaka 5 na nusu ndani ya miaka 10, na vikishindwa inawezekana kuweka kingine.

Na hapa kuna jambo moja linanitisha kuliko yote kwa mazingira yetu. Mtu mwenye hii koki haruhusiwi kuwekewa mpira wa mkojo hivi hivi. Pete lazima ilegezwe kwanza na ifungwe isijirudishe, na kuna kitufe cha kufanya hivo pale kwenye kipampu. Akipata ajali au malaria kali akafikishwa zahanati hajitambui, nesi kwa nia njema akasukuma mpira, anaweza kuchana njia ya mkojo pale pale na kifaa kikaharibika. Kwa hiyo anayewekewa avae bangili au atembee na kadi iliyoandikwa kwa kiswahili herufi kubwa, mke ajue, watoto wajue, na kituo cha afya cha karibu kipewe barua. Wala sio kazi ngumu, ni karatasi tu.

Zipo njia nyingine. Kuna vibaluni viwili vinavyowekwa pembeni ya shingo ya kibofu na vinaweza kuongezwa maji kliniki, na kuna sindano za kujaza kuta za njia ya mkojo, ila sindano kwa wanaume matokeo yake ni madogo na hayadumu, mtu asiuze ng'ombe kwa ajili hiyo. Kwa asiyetaka au asiyeweza upasuaji kuna kibanio cha nje kinachovaliwa uumeni na lazima kilegezwe kila baada ya masaa machache, na kuna mfuko unaovaliwa kama kondomu wenye mrija wa kwenda kwenye mfuko wa mguuni. Hivi viwili ni bei nafuu kuliko pampasi za mwaka na nashangaa kwa nini havijulikani.

Nisiwadanganye watu kwamba upasuaji unakausha kabisa. Uingereza walifanya utafiti wa wanaume 380 wenye tatizo hili, wengine wakawekewa mkanda wengine koki, matokeo yakatoka 2021. Ukihesabu kwa ukali, yaani hata tone moja ni kuvuja, baada ya mwaka mmoja zaidi ya asilimia 80 pande zote mbili bado walikuwa wanavuja kiasi. Lakini kiasi chenyewe kilikuwa kimeshuka sana, shida yao ilipungua na wengi wao waliridhika. Mimi nayachukulia hayo kuwa matokeo mazuri na yoyote aliyeishi na mgonjwa wa hivi atanielewa, mzee anayetoka kwenye pampasi 5 mpaka kitambaa kimoja chembamba kwa siku anarudi kwenye harusi, anarudi shambani, anapanda basi.

Kuna watu wataniambia, ukiyaandika haya gazetini wanaume wataogopa kupima tezi dume, tayari wanaogopa. Nimelifikiria hilo sana. Jibu langu ni kwamba wanaume wanaogopa tayari kwa sababu wamemuona jirani yao ametoka hospitali akawa ananuka na hakuna aliyewaeleza kinachofanyika baada ya pale. Kila mtaa una stori ya mzee wa namna hiyo na ndiyo inayosambaa. Anayejua kwamba ikitokea hivi kuna mazoezi, kuna mkanda, kuna koki, ana sababu ya kwenda kupima kuliko yule aliyeona giza tu. Na wanaoziba pengo hilo sa hivi ni wauza dawa wa mitandaoni na wa mabasini, chupa moja inatibu tezi, nguvu za kiume, kisukari na kuvuja mkojo. Nimeletewa hizo chupa dukani niuze, nimekataa.

Baba mdogo daktari alimwambia anafaa mkanda. Alikubali palepale. Mpaka leo hajafanyiwa, kwa sababu kifaa inabidi kiagizwe, bei yake tuliyotajiwa ukoo mzima tulikaa kimya, na ofisi ya bima tulipoulizia tulizungushwa dirisha hadi dirisha, huyu anasema ni kifaa maalum andikeni maombi, yule anasema tatizo hilo halipo kwenye orodha. Ile oparesheni ya saratani bima ililipa. Kuvuja ni matokeo ya oparesheni hiyo hiyo, kwa akili yangu ni tiba moja haijamalizika. Mwanamke aliyetolewa ziwa kwa saratani hatumwambii kidonda kilichobaki ni urembo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na wabunge wetu wako hapa hapa Dodoma, kwa hiyo nawaomba wanaohusika waliangalie hili. Sio lazima waanze na koki ya bandia ya maelfu ya dola kwa kila mtu. Waanze na yale yasiyo na gharama, kila mgonjwa wa tezi dume kabla hajasaini fomu aambiwe kwa kiswahili kwamba anaweza kuvuja, kwa muda gani, na akipitisha mwaka arudi wapi. Afundishwe mazoezi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji na kile kikaratasi cha kuruhusiwa kiwe na mstari wa mkojo. Mifuko na vibanio vya nje viingie kwenye dawa na vifaa vinavyolipiwa. Hospitali za rufaa za kanda zikusanye wagonjwa wao wa mikanda na koki kwa pamoja, madaktari waje kambi kama wanavyofanya kwa moyo na midomo sungura, vifaa viagizwe kwa jumla bei ishuke, na vijana wetu wanaosomea upasuaji wa mkojo wajifunze wakiwa humo humo.

Na kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti lako lina ukurasa wa afya kila wiki. Mtafuteni daktari bingwa wa mkojo, iwe hospitali ya Benjamin Mkapa hapa, Muhimbili au KCMC ya Moshi, mumuulize maswali haya na mchapishe majibu yake kama alivyosema, upasuaji upi unafanyika nchini kwa sasa na hospitali gani, kifaa kinaagizwaje na kinachukua muda gani kufika, mgonjwa alipe nini na bima ilipe nini, na mgonjwa wa wilayani aanzie dirisha gani ili apate rufaa. Ukurasa huo ukitoka nitanunua nakala za kutosha, na kila mama atakayekuja jioni kutafuta pampasi za mume wake nitamwekea moja ndani ya bahasha.

Muuza duka la dawa muhimu,
Nkuhungu, Dodoma